Barua ya wazi kwa mdhamini wetu wa J-1: kato mnalolijua, kodi msiyotuambia

Dar es Salaam, Februari 2026

KWA: Wakurugenzi wa shirika lililotudhamini kwenda Marekani kwa viza ya J-1 (viza ya muda ya programu za mafunzo na kubadilishana), pamoja na mawakala wao wa Dar es Salaam na Nairobi

YAH: MAKATO YASIYO HALALI NA RITANI ZA KODI ZA WASHIRIKI WA MAFUNZO YA HOTELI

Waheshimiwa Wakurugenzi,

Salaam. Sisi ni washiriki wa zamani wa programu yenu ya mafunzo kazini: Watanzania, Wakenya na Waganda mliotupangia hoteli za Wisconsin, Florida na Texas kati ya 2023 na 2024. Jina la shirika lenu hatulitaji. Mnajijua, na tunachotafuta ni majibu, si kuchafuana.

Tumeandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Malalamiko haya kwa Kiingereza mnayo tangu mwaka jana, na jibu mlilotupa ni kwamba suala limepelekwa kwa idara husika. Idara husika hatujaisikia mpaka leo. Basi tumeona tutumie lugha ile ile ambayo mawakala wenu waliitumia sebuleni kwa wazazi wetu walipokuja kutushawishi, ili wazazi hao wasome, na wasome pia vijana wanaojaza fomu zenu wiki hii.

Tuseme mapema: hatulalamikii kulipa kodi. Aliyefanya kazi katika nchi ya watu hulipa kodi ya nchi hiyo, na kazi tulijifunza, hilo hatulikani. Tunalalamikia kukatwa fedha ambazo sheria ya Marekani yenyewe inasema hatudaiwi, kuachwa tujaze fomu isiyo yetu, kisha kuambiwa kwamba kodi ni jambo binafsi la mshiriki.

Hoja zetu ni hizi.

1. Kato la FICA

Chukueni peisilipu yoyote ya mmoja wetu aliyefanya kazi ya usafi wa vyumba pale Wisconsin. Juu kuna saa alizofanya, chini yake makato. Mstari wa kwanza ni kodi ya mapato ya serikali ya shirikisho. Huo tunadaiwa, hatuna ugomvi nao. Unafuata mstari wa Social Security, asilimia 6.2, na mwingine wa Medicare, asilimia 1.45. Mistari hii miwili ndiyo FICA. Jumla ni asilimia 7.65 ya kila dola tuliyoipata, kila baada ya wiki mbili, mwaka mzima.

FICA ni mchango wa pensheni na matibabu ya uzeeni, mfano wa NSSF kwetu. Ili mtu apate pensheni ile anahitaji kwa kawaida walau miaka 10 ya kuchangia. Viza yetu ilikuwa ya mwaka mmoja. Sheria ya kodi ya Marekani, kifungu cha 3121(b)(19), inalijua hilo: mgeni asiye mkazi kwa hesabu za kodi, mwenye viza ya J-1, anayefanya kazi ile ile aliyoletwa kuifanya, hakatwi FICA. Hakuna ombi la kupeleka wala kibali cha kusubiri. Hakatwi, basi.

Aliyelipwa dola 10,000 amekatwa dola 765 bila haki. Kwa viwango vya sasa hiyo inakaribia shilingi milioni mbili za Tanzania, au laki moja kasoro kidogo za Kenya. Wengi wetu tulilipwa zaidi ya dola 10,000.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba kanuni hii mnaijua vizuri kuliko mtu yeyote. Mwajiri naye huchangia asilimia 7.65 yake juu ya ile ya mfanyakazi, na kwa mtu wa J-1 asiye mkazi, mwajiri pia anasamehewa. Ndiyo maana katika kipeperushi chenu cha kuvutia waajiri, msamaha wa FICA mmeuweka miongoni mwa faida za kuchukua vijana wenu. Mwenye hoteli mnamwambia. Kijana aliyelipa ada ya programu, ambaye shamba la mama yake liliuzwa ili apate nauli, hamkumwambia kwenye semina ya Dar, hamkumwambia kwenye semina ya mtandaoni, wala hakuna mstari unaosema hivyo katika kijitabu cha mshiriki. Tumekisoma upya ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuandika haya.

Na msituambie kwamba hoteli ile ilikuwa na msimamo wake. Dada mmoja wa Mombasa aliyekuwa mapokezi hakukatwa FICA hata mara moja. Sisi wa vyumbani na jikoni tulikatwa wote. Hoteli moja, viza moja, mdhamini mmoja. Tofauti ilikuwa karani aliyeingiza taarifa zake kwenye mfumo: alikuwa amewahi kushughulika na watu wa J-1. Wetu hakuwahi. Tulipomfuata alifungua kompyuta, akatuonyesha kwamba tumeingizwa kama wafanyakazi wengine wote, akasema hana mamlaka ya kubadilisha mpaka aone maandishi kutoka kwa mdhamini. Tukawaandikia kuomba maandishi hayo. Barua ya aya mbili tu ingetosha. Haikuja mpaka tunapanda ndege kurudi.

Njia ya kudai ipo, na tunaiandika hapa kwa faida ya wenzetu kwa kuwa ninyi hamkuiandika popote. Kwanza unamwomba mwajiri akurudishie. Yeye husahihisha hesabu zake na kudai, pamoja na yako, sehemu aliyolipa yeye kimakosa, kwa hiyo hana anachopoteza. Akikataa au akinyamaza, unajaza fomu 843 ukiambatisha fomu 8316, W-2 (hati ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka), nakala ya viza, I-94 (kumbukumbu ya kuingia nchini) na DS-2019 (cheti cha mdhamini cha programu ya J-1), unapeleka IRS, yaani mamlaka ya mapato ya Marekani. Kwa makato ya 2023, muda wa kudai unaishia Aprili 2027. Kwa makato ya 2024, Aprili 2028. Mwaka mzima ambao idara husika imekaa na barua yetu umetoka ndani ya muda huo.

2. Fomu W-4 ya siku ya kwanza, na ahadi ya "kodi yote inarudi"

Siku ya kwanza kazini tulipewa fomu W-4, ile inayomwambia mwajiri akukate kodi kiasi gani. Tuliijaza mezani kwenye kantini ya wafanyakazi, na maelekezo tuliyopata yalikuwa "jaza kama wenzako". Wenzetu walikuwa Wamarekani. Asiye mkazi haijazi kama wao. Hata akiwa na mke na watoto watatu huweka alama ya mtu asiye na ndoa, na chini ya hatua ya 4(c) huandika herufi tatu, NRA (yaani mgeni asiye mkazi), ili mwajiri ajue hesabu yake ni tofauti. IRS wana waraka mfupi wa kueleza hayo, unaitwa Notice 1392. Mngeweza kuuchapa na kutupa pamoja na tiketi.

Usipoandika herufi hizo, mfumo wa mishahara unakuhesabu kama mkazi, na mkazi ana kiwango cha mapato kisichotozwa kodi. Kwa 2024 kiwango hicho kwa mtu asiye na ndoa kilikuwa dola 14,600. Mmarekani aliyepata dola 10,000 mwaka huo hakudaiwa kodi ya mapato ya shirikisho hata senti. Sisi hatuna kiwango hicho. Mgeni asiye mkazi anatozwa kuanzia dola ya kwanza, asilimia 10, na kwa dola 10,000 hizo hizo anadaiwa dola 1,000. Waliobahatika ni wanafunzi na wanagenzi kutoka India, ambao mkataba wa kodi kati ya nchi yao na Marekani unawaruhusu kutumia kiwango kile. Tanzania, Kenya na Uganda hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Barani Afrika wanao Misri, Moroko, Tunisia na Afrika Kusini.

Sasa linganisheni hayo na maneno ya wakala wenu. Tunazo sauti zake za WhatsApp. Anasema makato yasitutie hofu kwa sababu "mwisho wa mwaka kodi yote inarudi, ni kama akiba". Kuna aliyepanga ada ya chuo ya mdogo wake juu ya sentensi hiyo. Ilipofika Aprili akakuta badala ya kurudishiwa anadaiwa, kwa sababu W-4 yake ilijazwa kimakosa na alikuwa amekatwa pungufu mwaka mzima.

Yaani mtu huyo huyo mmoja alikatwa asichodaiwa na hakukatwa anachodaiwa. Makosa yote mawili yametokana na kukosa maelezo ya nusu saa.

3. Ritani

Hapa mnahitaji kufahamu tunakotoka, maana inaonekana hamkuwahi kuuliza. Tanzania, mwajiriwa wa kawaida ambaye mshahara ndio kipato chake pekee hajazi ritani, yaani taarifa ya mwaka ya mapato na kodi. Mwajiri anakata PAYE, anapeleka TRA, imekwisha. Kuna watu wanastaafu hawajawahi kuiona fomu ya ritani. Wakenya wana uzoefu kidogo, kwa kuwa kila mwenye PIN anatakiwa kuingia iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, kufikia 30 Juni hata kama hana kipato, na kila mwaka utawasikia wakihangaika na mtandao wa KRA siku ya mwisho. Lakini hata wao hawakujua kwamba Marekani kuna ritani ya shirikisho na ya jimbo, kila moja na fomu yake. Waliokuwa Florida na Texas walipona hilo la pili, kwa sababu majimbo hayo hayatozi kodi ya mshahara. Sisi wa Wisconsin tulidaiwa fomu ya jimbo pia, 1NPR, na tuliisikia kwa mpishi wa Kifilipino aliyekuwa amekaa huko miaka mingi.

Kijana asiyeambiwa kitu hufanya anachokiona wenzake wakifanya. Anapakua programu ya simu, ile inayotangazwa kila mahali kuanzia Januari. Programu inamuuliza: ulikaa Marekani zaidi ya siku 183? Alifika Mei 2023, na Desemba alikuwa bado yupo, kwa hiyo anajibu ndiyo, na anasema kweli. Programu inamfanya mkazi na kumfungulia fomu 1040, ritani ya wakazi. Inampa kile kiwango cha msamaha na kumwonyesha marejesho manono kwa rangi ya kijani. Anabonyeza tuma.

Ameshakosea. Siku za mtu wa J-1 aliyeko kwenye mafunzo kazini hazihesabiwi katika zile 183 kwa miaka miwili ya kwanza ya kalenda, mradi hakuwahi kuwa huko kwa viza ya namna hiyo siku za nyuma. Fomu 8843 ndiyo ya kueleza hivyo, na asiye na kipato chochote naye anatakiwa kuipeleka. Fomu ya ritani inayotuhusu ni 1040-NR. Programu nyingi za simu hazina fomu hiyo kabisa na wala hazikuonyi. Anayetia sahihi ritani ya Marekani anaapa kwamba aliyoandika ni kweli, akijua kuna adhabu ya kiapo cha uongo. Kijana wa miaka ishirini na mbili ameapa kwamba ni mkazi, na mwakani huenda akaomba viza ya masomo.

Hili si jambo geni kwenu. Mwaka 2020, Marekani ilipogawa hadi dola 1,200 kwa kila mtu mzima aliyestahili wakati wa korona, kuna wageni wasio wakazi walioingiziwa fedha hizo bila kustahili, wengi wao kwa sababu walikuwa wamejaza 1040 badala ya 1040-NR. IRS ililazimika kutoa maelekezo ya namna ya kuzirudisha. Mdhamini aliyekuwa macho wakati ule angebadilisha semina zake mwaka uliofuata. Sisi tulikuja miaka mitatu baadaye, semina ikatufundisha namna ya kutoa bakshishi mgahawani na kwa nini tusichelewe kazini.

4. W-2 na marejesho yanayokwenda kwenye nyumba tuliyohama

Mwajiri ana mpaka 31 Januari kutoa W-2 ya mwaka uliopita. Tuliondoka Aprili 2024. W-2 ya miezi ile minne ya mwisho ilitoka Januari 2025, ikapelekwa kwenye bweni la wafanyakazi ambako tayari walikuwa wanalala vijana wengine. Bila W-2 ritani ya pili haijaziki kirahisi. Ipo fomu 4852 ya kuziba pengo hilo, na tuliijua tumechelewa. Kupiga simu IRS kutoka Dar ni kwa gharama yako, laini yao ya kimataifa si ya bure.

Kisha fedha zenyewe zinarudije? Mwaka jana, kuanzia 30 Septemba 2025, serikali ya Marekani ilianza kuachana na hundi za karatasi katika kurudisha kodi, na inataka marejesho yaingie moja kwa moja benki. Mlitushauri tufunge akaunti zetu za Marekani kabla ya kuondoka. Ushauri huo umo katika orodha yenu ya mambo ya kukamilisha, kati ya kurudisha funguo na kufua mashuka. Leo tunadai marejesho ambayo hatuna pa kuyapokelea.

5. Kampuni mnayotuelekeza

Kila anayewauliza kuhusu kodi anatumiwa kiungo cha kampuni moja ya kutafuta marejesho. Ada yake inakatwa humo humo kwenye marejesho, na kudai FICA ni huduma ya ziada yenye asilimia yake. Hatujui makubaliano yenu nayo ni yapi, na tungependa kuambiwa. Fomu zote tulizozitaja zinapatikana kwa IRS bure, na baadhi ya vituo vya VITA, ambako watu waliofunzwa husaidia kujaza ritani bila malipo, vinahudumia pia wanafunzi wa kigeni.

Majibu ambayo tayari tunayajua

Mtasema ninyi si washauri wa kodi. Ni kweli, na hatujaomba mtujazie fomu. Tunaomba mtuambie mambo ambayo IRS yenyewe imeyachapisha kwa ajili ya wageni katika Publication 519. Kumwambia mtu fomu yake ni ipi si ushauri wa kodi, maana hata karani wa stendi hukuonyesha basi lako bila kuwa dereva.

Mtasema kosa ni la mwajiri. Mwajiri yule hatukumchagua sisi. Mlimkagua ninyi, na jina lake limo kwenye fomu DS-7002, mpango wa mafunzo ambao ulitiwa sahihi na pande tatu: sisi, hoteli na ninyi. Malipo yetu yameandikwa humo humo. Mnaosaini kiasi tutakacholipwa mna la kusema kikikatwa kinyume cha sheria.

Mtasema tulisaini mkataba wenye kifungu kinachosema mshiriki anawajibika kwa kodi zake. Kifungu tumekisoma. Kinasema tulipe tunachodaiwa. Hakimpi mtu ruhusa ya kukata tusichodaiwa, na hakiwaondolei ninyi wajibu wa kueleza mapema gharama ambazo mshiriki atakutana nazo.

Mtasema tumeshaondoka kwenye programu. Lakini kundi la WhatsApp la wahitimu linafanya kazi vizuri sana kila mnapotafuta vijana wapya. Wiki iliyopita tu mmetuma tangazo la kuleta wadogo zetu.

Kuna atakayenong'ona kwamba dola mia saba si hela ya kuandikiana barua za wazi. Huyo hatutamjibu.

Tunachoomba

Kwanza, na hili ndilo kubwa, muwaandikie kwa maandishi washiriki wote waliofanya kazi kuanzia 2023, muwaeleze kuhusu FICA, namna ya kukagua peisilipu zao na tarehe za mwisho za kudai. Anwani zao za barua pepe mnazo.

Pili, mtoe kwa kila anayeomba barua inayothibitisha hadhi yake ya J-1 na kwamba kazi aliyofanya ilikuwa ndani ya programu, pamoja na nakala ya DS-2019 kwa waliopoteza. Barua hiyo itolewe ndani ya siku kumi za kazi, bila ada.

Tatu, muwaandikie waajiri wenyewe. Hoteli ile ya Wisconsin inaweza kusahihisha hesabu za watu wote kwa mkupuo na kurudishiwa sehemu yake pia. Neno lenu kwake lina uzito kuliko letu, kwa sababu msimu ujao inahitaji vijana kutoka kwenu.

Nne, semina ya kabla ya safari iwe na kipindi cha kodi, kwa Kiswahili kwa anayetaka, chenye mfano wa W-4 iliyojazwa sawasawa na peisilipu sahihi isiyo na FICA. Mshiriki aambiwe pia aache barua pepe yake binafsi kwa ajili ya W-2, na asifunge akaunti ya benki kabla marejesho hayajaingia.

Na mawakala wenu waache mara moja kusema kodi yote inarudi. Hili halihitaji kikao.

Kuhusu kampuni ya marejesho, semeni wazi kama mnapata kamisheni.

Ritani za mwaka 2025 zinatakiwa kutumwa IRS kufikia 15 Aprili kwa waliokatwa kodi kwenye mshahara, na vijana mliowapeleka mwaka jana wako huko sasa hivi wakiwa na simu mkononi na W-2 mezani. Kwa ajili yao tunaomba majibu ya maandishi si baada ya 31 Machi 2026. Yasipopatikana, tutapeleka peisilipu, barua zetu kwenu na sauti za wakala kwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ambayo ndiyo iliyowapa idhini ya kudhamini viza za J-1. Nakala ya jalada hilo imeshaandaliwa.

Wenu katika kudai haki,

Kwa niaba ya washiriki wa zamani wa mafunzo ya hoteli, Tanzania, Kenya na Uganda